Mkubwa akisema "kile ni changu": namna ya kufuatilia habari ya nchi inayotaka ardhi ya jirani

Jioni ya tarehe 22 Februari 2022 alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mama mwenye duka la vitenge hapa Bukoba. Mdogo wake alikuwa anasomea udaktari Kharkiv, mji wa Ukraine ulio kilomita 40 hivi kutoka mpaka wa Urusi. "Shikamoo Mwalimu. Nimwambie arudi, au amalizie kwanza muhula?" Nikamjibu bila kusita kwamba wakubwa hao wanatishana tu, amwache kijana asome. Alfajiri ya tarehe 24 mabomu yalikuwa yanaanguka Kharkiv. Kijana alitoka salama, baada ya siku kadhaa za treni na foleni za mpakani, baridi ikimla, hadi akaingia Poland. Dada yake hajanilaumu hata siku moja. Mimi ndiye ninayelikumbuka lile jibu.

Na mimi si mtu wa kutoa jibu kama lile. Nimezaliwa Bunazi, ng'ambo ya mto Kagera, na nilikuwa na miaka 9 wiki ile ya mwaka 1978 Idi Amin alipotangaza kwamba kwetu si Tanzania tena. Nimefundisha jiografia miaka 31. Kama kuna mtu aliyepaswa kuzijua dalili, ni mimi.

Baada ya simu ile nilinunua daftari kubwa, zile kaunta buku za kwaya tatu, nikaanza kuandika kila habari ya nchi kubwa inayoinyemelea ardhi ya jirani. Nimeandika hadi sasa. Hapa nakueleza ninavyoandika na ninavyosoma nilichoandika, ili siku mtu wako aliye mbali akikuuliza "nibaki au nirudi?", jibu lako lisitoke hewani kama langu.

Daftari lenyewe

Unahitaji daftari, rula na atlasi. Simu iwe ya kuhakikishia tarehe. Usianzie huko, maana simu itakupa hasira kabla ya kukupa habari.

Kila mgogoro upe ukurasa wake. Piga mistari upate safu nne: tarehe, aliyesema na cheo chake, maneno yenyewe kama alivyoyatamka, na ya nne mimi nimeiita "kilichosogea". Cheo usikiache. Mbunge asiye na sauti akisema "tuichukue" na rais akisema "tuichukue", hayo si maneno mamoja hata yakifanana herufi kwa herufi.

Safu tatu za kwanza hujaa upesi. Ya nne inaweza kukaa tupu miezi, na hiyo ndiyo utakayoitazama siku ya kuamua. Humo usiandike hasira ya mtu wala uchambuzi wa mtu. Andika kitu kinachoonekana na kuhesabika: sheria iliyosainiwa, ramani mpya iliyochapwa, pasipoti zilizogawiwa, daraja, barabara, mafuta, damu ya majeruhi.

Anza na ramani, lakini usiiamini yote

Ramani ya dunia iliyobandikwa kwenye kuta za madarasa yetu inaionyesha Greenland ikikaribia kulingana na Afrika nzima. Miaka yangu yote ya ualimu niliwapa wanafunzi rula wapime, na walipopima walikuwa tayari kuapa. Ukweli ni kwamba Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, na Greenland ina milioni 2.17. Afrika inaimeza mara 14 kwa upungufu kidogo. Ramani ile ni ya Mercator, ya mwaka 1569, iliyochorwa ili baharia aweze kushika uelekeo wake, na inazivuta nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Lakini anayeitazama bila kujua hilo anaona bara jeupe, tupu, linalosubiri mwenyewe.

Kwa hiyo mwaka 2025, Rais Donald Trump alipokuwa akirudia kwamba Marekani lazima iipate Greenland, na tarehe 7 Januari, akiwa bado rais mteule, akakataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu, kitu cha kwanza nilichoandika juu ya ukurasa hakikuwa ukubwa wa nchi. Kilikuwa idadi ya watu: elfu 57 hivi. Wote wangeingia Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, na viti vingine vingebaki. Ni wachache, lakini wana bunge lao Nuuk, wana serikali yao, na wana sheria ya mwaka 2009 inayowapa haki ya kuamua wenyewe kama watajitenga na Denmark. Ukianza na kilomita za mraba utafikiri kama mnunuzi wa kiwanja. Anza na watu.

Kisha uliza mpaka wenyewe umetoka wapi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kwetu.

Chukua atlasi, weka rula kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Huo mstari ndio mpaka wa Tanzania na Uganda. Uliwekwa kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yaleyale ambayo Ujerumani ilipewa kisiwa cha Helgoland huko kwao na yenyewe ikaukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar. Waliosaini walikuwa hawajafika huku. Waliandika kwamba ikija kugundulika Mlima Mfumbiro uko kusini mwa mstari, basi mstari upindwe ili mlima ubaki upande wa Waingereza. Ndivyo ilivyoandikwa. Watu wanagawana nchi na mlima hawajui uko wapi!

Mstari ule ukapita kaskazini ya mto Kagera, na kati ya mstari na mto pakabaki kipande cha kilomita za mraba 1,800 hivi. Bunazi imo humo, Minziro imo, pamoja na migomba, mibuni na malisho. Kikawa cha Wajerumani, kisha Tanganyika, kisha Tanzania. Tarehe 1 Novemba 1978 Amin alipotangaza kwamba kuanzia sasa mpaka ni mto, maneno yale yalikuwa na sura ya akili. Mto unaonekana kwa macho. Mto ni mpaka wa asili. Mstari wa kuchorwa Ulaya ni wa nani?

Ukilikuta neno hilo, "mpaka wa asili", popote duniani, lipigie mstari mwekundu. Kwetu mto haukuwa mpaka wa kitu chochote. Shangazi yangu aliolewa upande wa kusini. Tulikwenda na kurudi kwenye daraja la Kyaka kama mtu anavyovuka barabara kwenda kuazima chumvi. Mto ulikuwa katikati ya maisha yetu, na mtu aliyeutazama kwenye karatasi akaona ndio mwisho wake.

Jumatatu ya tarehe 30 Oktoba tulilivuka daraja lile kwa miguu. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na furushi kichwani. Kahawa tuliiacha imeanikwa uani, kwa sababu mama alisema tutarudi kabla mvua haijainyeshea. Baba mdogo alibaki nyuma akusanye ng'ombe. Tarehe 3 Novemba daraja likavunjwa, na baba mdogo hatukumwona tena.

Nchi za Afrika zilikubaliana Cairo mwezi Julai 1964 kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Hakuna aliyedhani ni mizuri. Walijua kwamba ukiruhusu mmoja anyooshe wa kwake, kila mmoja ana wa kunyoosha. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022 balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliyasema hayohayo mbele ya Baraza la Usalama, saa chache baada ya Urusi kuzitambua Donetsk na Luhansk, sehemu za mashariki mwa Ukraine, kuwa nchi: kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kutujali, na kwamba tungeamua kufuata kabila, rangi au dini tungekuwa tunapigana hadi leo. Niliisikia hotuba ile nikaipenda kwa moyo wote. Kesho yake jioni bado nikamwambia yule mama kijana asome. Kupenda hotuba si kufuatilia habari.

Ana nini tayari kwa mkataba?

Mkubwa karibu kila mara atasema anataka ardhi ile kwa ajili ya usalama wake. Usibishane naye. Andika pembeni: usalama huo tayari anao kiasi gani kwa karatasi iliyosainiwa?

Mwezi Aprili 2010 Ukraine ilikubali manowari za Urusi zibaki bandari ya Sevastopol, kwenye rasi yake ya Crimea, hadi mwaka 2042. Miaka minne baadaye Urusi ikaitwaa Crimea yote. Marekani nayo ina mkataba wa ulinzi na Denmark tangu 1951 unaoiruhusu kuweka kambi Greenland, na kambi ya Pituffik, ambayo zamani ikiitwa Thule, imekuwapo miaka yote hiyo. Wakati wa vita baridi Marekani ilikuwa na vituo vingi zaidi kisiwani, ikavifunga yenyewe.

Ukiona mkataba uliopo unamtosha kwa hicho anachodai, basi anataka kingine. Yaweza kuwa madini. Yaweza kuwa sifa. Au anataka jirani asiwe na uwezo wa kumwambia hapana, na hilo mimi ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu hakuna mkataba mwingine utakaolishibisha.

Akizungumza lugha ya kununua, rudi nyuma uangalie ununuzi wa zamani ulikuwaje. Alaska ilinunuliwa mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Mwaka 1946 Marekani iliitolea Denmark dola milioni 100 za dhahabu kwa Greenland, ikakataliwa. Visiwa vya Denmark vya Karibi vilinunuliwa mwaka 1917 kwa dola milioni 25, na kura rasmi ya kuamua kama viuzwe ilipigwa Denmark, siyo visiwani. Katika biashara hiyohiyo Marekani iliandika kwamba haitapinga Denmark kueneza maslahi yake ya kisiasa na kiuchumi Greenland nzima. Karatasi hiyo ipo.

Hiyo inatuleta kwenye zoezi ninalolipenda kuliko yote: tafuta saini yake mwenyewe. Anayesema "narudisha changu" mara nyingi aliwahi kusaini kwamba si chake. Iraq iliitangaza Kuwait kuwa mkoa wake wa 19 tarehe 28 Agosti 1990, ilhali mwaka 1963 ilikuwa imeitambua kuwa nchi huru. Urusi ilisaini Budapest tarehe 5 Desemba 1994 kwamba itaiheshimu mipaka ya Ukraine, wakati Ukraine inaachia silaha za nyuklia ilizorithi. Venezuela iliishi na hukumu ya Paris ya 1899, iliyoipa Uingereza, mtawala wa Guyana wakati huo, sehemu kubwa ya Essequibo, eneo la magharibi mwa Guyana, hadi mwaka 1962 ilipoitangaza kuwa batili.

Kwa Venezuela niwe mkweli: hoja yao si ya kutupwa. Mwaka 1949 ulichapishwa waraka wa mmoja wa mawakili wa kesi ile, uliotoka baada ya kufa kwake, akidai majaji walipatana pembeni. Ndiyo maana shauri liko Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Mwenye hoja ana mahakama. Nikiona mtu ana hoja na anaikimbia mahakama, naandika hilo safu ya nne.

Isome karatasi ya kura

Wakisema "wananchi wameamua", usikimbilie asilimia. Itafute karatasi ya kura yenyewe, uone mpigakura aliulizwa nini.

Crimea, tarehe 16 Machi 2014, ilitangazwa kwamba asilimia 96 na ushei wamekubali kujiunga na Urusi. Karatasi ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: kujiunga na Urusi. Cha pili: kurudisha katiba ya Crimea ya mwaka 1992. Aliyetaka mambo yabaki kama yalivyo hakuwekewa kisanduku. Na watu wenye silaha wasio na alama za jeshi lolote walikuwa wameshalikamata jengo la bunge Simferopol tangu tarehe 27 Februari.

Venezuela nayo iliitisha kura tarehe 3 Desemba 2023, maswali matano. La tano liliuliza kama liundwe jimbo la Guayana Esequiba na wakazi wake wapewe uraia wa Venezuela. Waliopiga kura ni Wavenezuela. Wakazi wenyewe wa Essequibo, ambao ni raia wa Guyana, hawakuulizwa. Eneo hilo ni kilomita za mraba 159,500 hivi, zaidi ya theluthi mbili ya Guyana. Hebu fikiri nchi unayoamka ndani yake asubuhi, na jirani anaipigia kura theluthi mbili yake.

Safu ya nne

Ukurasa wangu wa Essequibo ndio uliofanya niliamini daftari. Ule mwezi wa Desemba 2023 simu yangu ilijaa jumbe za sauti kwamba vita ya mafuta inaanza Amerika Kusini. Na sababu ilikuwapo: tangu mwaka 2015 ExxonMobil ilikuwa imegundua mafuta mengi kwenye bahari ya Guyana. Tarehe 1 Desemba mahakama ya The Hague iliiamuru Venezuela isifanye lolote la kubadili hali iliyopo. Tarehe 3 kura. Tarehe 5 Rais Nicolás Maduro akaonyesha ramani mpya yenye Essequibo ndani. Safu tatu zangu zilikuwa zimefurika.

Nikafungua atlasi kutafuta barabara. Hakuna. Kati ya Venezuela na Guyana ni msitu na milima, na gari likitaka kupita lazima lizungukie Brazil, kwenye jimbo la Roraima. Brazil ilikuwa imeongeza wanajeshi na magari ya deraya upande huo. Safu ya nne nikaandika: "Barabara moja, na mwenye nayo amesimama mlangoni." Tarehe 14 Desemba Maduro na Rais Irfaan Ali wa Guyana walikutana kisiwani Saint Vincent, wakatamka kwamba hawatatishiana wala kutumia nguvu. Ukurasa sikuufunga, maana karatasi ziliendelea kutoka: Aprili 2024 sheria ya jimbo hilo ikatangazwa, na Mei 2025 Venezuela ikalichagulia gavana. Lakini wiki ile ya Desemba, aliyeniuliza nilimwambia: hapana, si mwezi huu. Na sababu nikamwonyesha kwa kidole kwenye atlasi.

Sasa linganisha na Crimea. Kutoka jengo la bunge kukamatwa hadi mkataba wa kuiunganisha na Urusi kusainiwa, tarehe 18 Machi, ni siku 19. Kambi za jeshi zilikuwa ndani tayari. Kwetu Kagera mambo yalikwenda haraka kuliko hapo: majeshi tarehe 30 Oktoba, tangazo tarehe 1 Novemba. Vitu vikishakuwa mahali pake, karatasi haichelewi.

Kwa hiyo, pamoja na askari, hesabu kile ambacho ni ghali kukiweka na hakikai. Askari wa mazoezi hupigwa picha kila mwaka. Damu ya kuwekea majeruhi huharibika baada ya wiki chache, na hakuna anayeipeleka mpakani kwa ajili ya kutisha tu. Mwishoni mwa Januari 2022 maofisa wa Marekani walisema Urusi imesogeza akiba ya damu karibu na Ukraine. Mimi niliisoma habari hiyo, nikapita.

Pasipoti nazo ni kitu cha safu ya nne. Aprili 2019 Urusi ilirahisisha kutoa uraia wake kwa watu wa Donetsk na Luhansk. Anayegawa pasipoti kwa raia wa nchi nyingine anajiwekea akiba ya kusema kesho: naja kuwalinda watu wangu.

Nani atakuja?

Hili nalipitia haraka, kwa kuwa wachambuzi wanalizungumza kutwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 2, kifungu cha 4, unakataza kutumia nguvu dhidi ya ardhi ya nchi nyingine, na unakataza pia kutishia. Wengi hawajui kwamba tishio peke yake limekatazwa.

Ila angalia anayetisha ni nani. Iraq ilipoimeza Kuwait, Baraza la Usalama lilisema kwa kauli moja tarehe 9 Agosti 1990 kwamba kitendo hicho ni batili, na kufikia mwisho wa Februari 1991 majeshi ya Iraq yalikuwa yametolewa. Azimio kuhusu Crimea lilipoletwa tarehe 15 Machi 2014, nchi 13 kati ya 15 ziliunga mkono, China haikupiga upande wowote, na Urusi ikaliua kwa kura ya turufu. Suala likaenda Baraza Kuu, ambako nchi 100 zilisema mpaka wa Ukraine haujabadilika, 11 zikapinga, 58 zikakaa katikati. Kura ya Baraza Kuu haimtoi mtu kwenye nyumba ya mwenzake, lakini nakusihi uiandike. Miaka 30 ijayo mtu atasema dunia ilikubali, na daftari lako litamjibu.

Ahadi pia isome neno kwa neno. Karatasi ya Budapest iliahidi kuiheshimu mipaka ya Ukraine. Haikuahidi kwamba Marekani au Uingereza watakuja kuipigania. Na mwaka 1978 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wenye azimio lake la Cairo, haukumlaani Amin. Jeshi letu ndilo lililokwenda, likafika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Waliouawa huko wamelazwa Kaboya, Muleba, na kila nikipita napunguza mwendo.

Sikiliza wa humo ndani

Kabla ya kufunga ukurasa, tafuta sauti moja ya anayeishi kwenye ardhi inayogombewa. Siyo waziri. Mvuvi, mwalimu, mwenye duka. Kura ya maoni ya Januari 2025 ilionyesha asilimia 85 ya watu wa Greenland hawataki kuwa sehemu ya Marekani. Ni nambari nzuri kuwa nayo, lakini ongezea mtu. Mwaka 1978 redio zote mbili zilikuwa zinatuzungumzia sisi, na hakuna aliyemuuliza mama yangu yeye anaita kwake wapi. Angemjibu kwa jina la kijiji.

Siku ya kuamua

Kanuni yangu kwa mtu aliye ndani ya nchi inayotishwa ni hii. Safu ya nne ikiwa na karatasi iliyosainiwa, na pamoja nayo vitu vizito vimesogea na njia ya kupita ipo, mtu wako aondoke wiki hiyohiyo. Muhula utarudiwa. Karatasi ipo lakini vitu havijasogea, abaki, na akae tayari. Maneno matupu, aendelee na maisha yake.

Baadaye niliketi nikaijaza upya safu ya nne ya Ukraine kama ilivyopaswa kusomeka jioni ile ya tarehe 22 Februari. Aprili 2019, pasipoti. Mwisho wa 2021, askari wanaokaribia laki moja karibu na mpaka. Januari 2022, damu. Tarehe 21 Februari, saini ya kuzitambua Donetsk na Luhansk. Na kutoka mpaka wa Urusi hadi chumba cha yule kijana ni tambarare ya kilomita 40, barabara na reli. Hapakuwa na mstari uliobaki mtupu. Ningekuwa na daftari, ningemwambia dada yake akate tiketi usiku uleule.

Kukaa tayari kuna vitu vyake, na hivi nimeelezwa na kijana mwenyewe alipokuja kunisalimia. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, na nakala yake abaki nayo mtu wa nyumbani. Vyeti vya masomo viwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Ajue mapema ni ubalozi upi wa Tanzania unaosimamia nchi aliyomo, maana si kila nchi tuna ofisi. Ajue njia mbili za kwenda mpaka ulio mbali na anayetisha, moja ya reli na moja ya barabara. Nguo ya baridi iwe moja nzito, si tatu nyepesi. Na nauli ya kufika huko iwe fedha taslimu mfukoni tangu sasa, kwa sababu asubuhi ile Kharkiv, alisema, foleni ya mashine za kutolea pesa ilizunguka jengo lote, naye alikuwa na kadi tu.